Mizani ya Kona Nne

Masila alipenda njia iliyonyooka.
Thika Road usiku, kabla haijapanuliwa,
silinda nane zikinguruma chini ya boneti
na mimi nimeishika dashibodi
kama mlango wa choo kisicho na komeo.
Kwenye kona alipunguza mwendo, akalaani,
akaligeuza lile Falcon kama anahamisha kitanda.
"Si gari la kona," alisema. "Ni gari la kwenda."

Miaka mitatu lilikaa Buruburu chini ya turubai.
Paka wa jirani akazaa kiti cha nyuma.
Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja:
kitu kikishaanza kwenda hutaka kuendelea kwenda,
na kukipinda, lazima apatikane wa kukivuta pembeni.
Juni, nikalivutisha hadi Kariobangi.

Vijana wa gereji wakalizunguka bibi harusi wao.
Huyu anataka kuniongezea kabureta, yule turbo.
Nikawaambia: nguvu linazo. Halina adabu.
Otunge peke yake hakucheka.
Alitandika katoni, akaingia uvunguni, akakawia huko,
akatoka na bushi iliyooza mkononi.
"Mwalimu, hili lina mifupa. Viungo ndivyo halina."

Basi ikawa kazi ya viungo.
Springi fupi, ngumu, gari likachuchumaa.
Mghoi, mchomeaji, binti wa Wundanyi asiyependa maneno,
akalehemu chuma kutoka bega hadi bega
ili bodi isijikunje ikibanwa.
Betri ikahama pua ikaenda buti:
kilo kumi na saba, nilizipima mwenyewe.
Breki za diski zilitoka kwa gari lililofia Kirinyaga Road,
sikuuliza lilifaje.
Magurudumu waliyanyoosha kwa uzi wa mwashi,
chaki, timazi, misumari minne,
Otunge jicho moja kalifumba, ulimi nje.

Kisha mizani.
Walikodi nne kwa wauza vyuma chakavu,
moja chini ya kila gurudumu.
"Panda, Mwalimu. Gari hupimwa na dereva wake."
Nikapanda, nikatulia kama mtoto kliniki.
Akasoma namba, akaziandika ukutani kwa mkaa,
akauliza bila kuinua kichwa:
"Na abiria? Kilo ngapi?"

Themanini na nne, mwaka tuliooana.
Mia na mbili, miaka ya nyama choma na kelele.
Arobaini na tisa, aliandika muuguzi,
kwa kalamu ya kijani.

Mghoi alizima mashine yake.
Nikasema: pima kiti kitupu.
Otunge akazungusha nati ya springi ya kushoto,
kidogo,
tena kidogo,
anavyofunga mtu mlango wa chumba cha mgonjwa.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, Magadi Road.
Rongai bado inapiga mswaki.
Baada ya Kiserian barabara ikaanza kujikunja, ukungu,
kisha Kona Baridi, alipokuwa akilaani.
Nilifunga breki mapema, njia ikiwa bado imenyooka,
nikaachia, nikageuza, nikangoja.
Uzito ukahamia magurudumu ya nje, niliuhisi nyongani,
matairi yakanung'unika,
gari likashika.
Likashika!
Nikapiga ukemi peke yangu, bibi wa miaka sitini na tatu,
na mchunga mbuzi kule juu akainua fimbo,
salamu au onyo, sijui.

Kona ya pili mkia uliteleza.
Si sana. Nikaurudisha kwa vidole.
Stabilaiza ya nyuma ngumu mno, nadhani;
Jumanne nitamwambia Otunge.

Nikirudi nilisimama Kiserian, nikanunua maziwa lita mbili,
nikayaweka kiti cha kushoto,
nikayafunga mkanda.
Kilo mbili na gramu chache:
maziwa ni mazito kuliko maji.